Watafutao Kisichoonekana

Wakwe walipoondoka jua lilikuwa limekwisha kuzama, na upepo wa kusi ulikuwa ukitikisa nyasi za paa jipya juu ya kuta za zamani. Ulikuwa mwezi wa Juni, 2025, katika nyumba moja ya Pundanhar, kando ya barabara itokayo Nangade kwenda Palma, kaskazini kabisa ya Msumbiji, ambako Mto Ruvuma hauko mbali na ambako Kimakwe, Kimakonde na Kiswahili huweza kusikika katika ua mmoja. Wageni hao walikuja kwa adabu, wakanywa chai, wakasema neno lao kwa upole. Binti yao amekaa miaka minne bila mume. Mumewe, kitinda mimba wa nyumba ile, alikwenda Palma kutafuta kibarua siku chache kabla ya tarehe 24 Machi, 2021, siku mji ule uliposhambuliwa, na tangu hapo hakuna aliyemtia machoni. Je, si wakati sasa watu wakae matanga, isomwe hitima, kisha binti wa watu aachwe ajitafutie maisha?

Mama hakujibu neno. Aliwasindikiza hadi njiani, akarudi, akaketi juu ya mkeka karibu na uchaga wa mihogo. Mwanawe mkubwa, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa amekaa juu ya kigoda, na magotini mwake kulikuwa na daftari la jalada la buluu. Ndani ya daftari hilo yameandikwa, ukurasa baada ya ukurasa, mahali palipoulizwa habari za mdogo wake, tarehe ya kuulizwa, na jibu lililopatikana. Nangade imo. Mueda imo, tena mara sita. Kambi za Metuge zimo, na Pemba mjini. Negomano imo, kule kivukoni ambako maelfu ya watu walipitia mwaka ule. Mtwara nayo imo, kwa jamaa waliobaki ng'ambo tangu siku za vita vya ukombozi.

Mwanzoni Mwalimu alikuwa akiandika neno moja tu mbele ya kila mahali: "Hayupo." Mama, ambaye hakusoma, alimwomba siku moja amsomee daftari lote, na alipokwisha kusikia alimkataza. Watu wale walioulizwa, alisema, hakuna aliyesema hayupo. Walisema hawakumwona. Basi Mwalimu aliketi na kalamu nyekundu, akasahihisha kurasa zote kama asahihishavyo kazi za wanafunzi, na tangu siku hiyo daftari husema: "Hakuonekana."

Giza lilipokamilika, ule mkanda mweupe wa nyota ukapanda juu ya miembe. Mwezi wa Juni ndio wakati wake kwa watu wa kusi, maana mvua imekwisha na anga ni safi. Mama aliutazama kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, hebu nieleze tena habari za wale watu wa shimoni."

Habari hizo Mwalimu alizipata kidogo kidogo kwa redio na kwa simu, wakati wa ukimbizini kule Mueda, akazifanya masimulizi ya jioni kwa watoto wa kambini waliokosa shule. Watoto walizipenda kuliko hadithi za sungura, na Mama, aliyekuwa akisikiliza kwa mbali huku akipika, hakuzisahau.

Chanzo chake ni mwaka 1933. Mtaalamu mmoja wa nyota, Fritz Zwicky, aliyekuwa akifanya kazi California huko Marekani, alitazama mkusanyiko mkubwa wa galaksi, yaani zile jamii kubwa za nyota ambazo jua letu ni mwananchi mmoja tu wa mojawapo. Aliona kwamba galaksi zile zinakwenda kasi mno. Kwa uzito uonekanao zilipaswa kutawanyika zamani za kale, kila moja ikashika njia yake. Walakini zilikuwa pamoja. Zwicky akasema lazima kuna uzito mwingine usiotoa nuru, akauita maada ya giza. Wenzake hawakumtilia maanani sana.

Miaka karibu 40 ilipita. Hapo akatokea mama mmoja, Vera Rubin, mzazi wa watoto wanne, ambaye mwaka 1965 alikuwa mwanamke wa kwanza kuruhusiwa rasmi kutumia darubini kubwa za Palomar. Mwaka 1970, yeye na mwenzake Kent Ford walitangaza vipimo vya galaksi ya Andromeda. Yafaa kutulia kidogo hapa, kwa sababu jambo lenyewe laweza kueleweka kwa ndoo na kamba. Mtu akifunga ndoo yenye maji kwa kamba na kuizungusha juu ya kichwa, kadiri azungushavyo kwa kasi ndivyo kamba inavyotakiwa kuwa imara. Kamba ikiwa ya ukindu uliooza, ndoo itaruka mpaka kwa jirani. Nyota za pembeni mwa galaksi ni ndoo, na kani ya mvutano ndiyo kamba. Rubin na Ford waliona kwamba nyota za pembeni zinakimbia karibu sawa na zile za ndani, ilhali kamba ionekanayo ni dhaifu mno kuzishika kwa kasi ile. Zilipaswa kuruka. Haziruki. Basi iko kamba nyingine.

Hesabu zilizofanywa tangu wakati huo kwa njia mbalimbali zimekubaliana kwamba, kwa kila kibaba kimoja cha maada tuijuayo, yaani nyota, bahari, mawe, mihogo na watu, viko zaidi ya vibaba vitano vya kitu hiki kisichojulikana. Hakiwaki, hakiakisi mwanga, hakizuii mwanga. Kama kimefanywa kwa chembe, jinsi wengi wanavyodhani, basi chembe hizo zinapita sasa hivi katika kuta za nyumba, katika mkeka na katika mwili wa aketiye juu yake, wala hazigusi kitu.

"Hazigusi kabisa?" Mama aliuliza.

"Pengine mara moja moja sana, Mama. Wanachotafuta wao ni hiyo mara moja."

Kwa sababu hiyo walikwenda shimoni. Juu ya ardhi hakuna utulivu. Miale itokayo mbali angani huipiga hewa ya dunia na kuzaa mvua ya chembe ndogo. Mtu akinyosha kiganja chake, chembe kama moja hupita ndani yake kila sekunde, usiku na mchana. Kusikiliza mguso mmoja hafifu katikati ya mvua hiyo ni sawa na kutaka kusikia mchwa akitafuna boriti wakati ngoma inapigwa uani. Hakuna budi kutafuta mahali ambapo mwamba mnene umezima ngoma.

Mama anayajua mashimo kuliko mwanawe, japo kwa kusimuliwa. Baba yake alikuwa mmoja wa vijana waliovuka Ruvuma katika miaka ya 1950 kwenda kukata mkonge upande wa Lindi. Wenzao wa kusini ya Msumbiji walichukuliwa kwa maelfu na Wenela kwenda machimbo ya dhahabu ya Johannesburg, lakini tangu mwaka 1913 watu wa kaskazini walikuwa hawaruhusiwi kuandikishwa. Mpaka wa ruhusa ulikuwa mbali sana kusini. Mzee huyo akapitia mlango wa nyuma: akajiandikisha kama mtu wa Tanganyika, ambako Wenela iliendelea kuchukua vibarua mpaka uhuru ulipokaribia, na mapatano hayo yakakomeshwa. Alirudi na baiskeli moja, kikohozi na masimulizi. Alisema sanduku la chuma linaposhuka masikio huziba. Alisema mwamba wa chini una joto kama mkate uliotoka tanurini. Tena alisema giza la shimoni si giza la usiku, maana hata usiku mweusi una nyota. Ukizima taa shimoni huwezi kujua kama macho yako yamefumbuka au yamefumbwa.

Mzee hakupata kujua kwamba katika machimbo hayohayo ya Afrika Kusini, miaka michache tu baada ya kurudi kwake, watu walishuka na kazi nyingine. Huko Boksburg, mashariki ya Johannesburg, katika mgodi uitwao East Rand Proprietary Mines, Frederick Reines kutoka Marekani na Friedel Sellschop wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand waliweka mitambo kwenye kina cha zaidi ya kilomita 3. Tarehe 23 Februari, 1965, walinasa nyutrino iliyozaliwa na miale ya angani, mojawapo ya chembe zipitazo katika dunia nzima bila kugusa kitu isipokuwa kwa nadra. Reines alipata tuzo ya Nobel mwaka 1995 kwa kazi zake za nyutrino. Vibarua weusi ambao mikono yao ndiyo iliyofikisha mgodi ule kilomita 3 chini hawakupewa tuzo, wala hilo halimshangazi ajuaye mashimo yale yalivyoendeshwa.

Utafutaji wa maada ya giza ulianza kwa namna hiyohiyo, katika mgodi wa dhahabu. Mahali penyewe ni Homestake, katika jimbo la South Dakota, Marekani, ambako dhahabu ilichimbwa tangu miaka ya 1870 hadi mwanzoni mwa karne hii. Mtu wa kwanza kupageuza maabara alikuwa Raymond Davis, aliyeweka humo katika miaka ya 1960 tangi la lita zipatazo 380,000 za dawa ile watumiayo madobi wa mjini kusafishia nguo bila maji, akatega nyutrino zitokazo juani. Kwa miaka mingi alipata theluthi moja tu ya zile zilizotazamiwa, na wengi wakasema Davis hajui kuhesabu. Mwishowe ikadhihirika kwamba hesabu yake ilikuwa sahihi, na kwamba nyutrino hubadilika aina zikiwa njiani. Nobel yake ilikuja mwaka 2002, akiwa na umri wa miaka 88.

Katika mgodi huohuo ndipo mwaka 1987 yalipotangazwa matokeo ya kwanza ya jaribio la kunasa maada ya giza yenyewe, kwa kipande cha madini ya germani kilichozungushiwa kinga. Kilichoonekana: hapana. Tangu hapo mitego imejengwa chini ya mlima wa Gran Sasso nchini Italia, kando ya barabara kuu ipitayo katika handaki. Chini ya milima ya Jinping huko China, penye mwamba wa mita 2,400. Nchini Kanada, Hispania, Korea na kwingineko. Huko Afrika Kusini wataalamu wamependekeza maabara kando ya handaki la Huguenot, karibu na mji wa Paarl, hivyo bara letu huenda likarudi tena katika kazi hii.

Mtego mkubwa wa sasa wa Homestake huitwa LZ. Uko mita 1,478 chini ya ardhi, na humo zimo tani 10 za zenoni, gesi ambayo katika hewa tuivutayo haifiki hata sehemu moja katika milioni 10, ikakusanywa na kupozwa mpaka ikawa maji mazito, baridi yake ikiwa karibu nyuzi 100 chini ya sifuri. Chembe ya giza ikigonga kiini cha atomu ya zenoni, kama gololi igongavyo gololi, utatokea mmweko mdogo wa mwanga, kisha wa pili juu yake, na macho ya kioo 494 yaliyopangwa juu na chini yatasema umetokea wapi.

Adui yao mkubwa ni uchafu, na hapa mama wa nyumbani atawaelewa upesi. Kila kitu cha dunia hii kina mionzi kidogo. Vumbi lina chembe za urani. Ndizi moja, kwa ajili ya madini ya potasi iliyo nayo, hutoa mionzi kama mara 15 kila sekunde. Hailiwi karibu na mtego. Chuma huchaguliwa, nati hupimwa mojamoja, na mafundi huvaa kama wapasuaji wa hospitali. Hata hivyo kuta za chombo hutoa kelele yake, kwa hiyo zenoni ya pembeni haiaminiwi. Huachwa, nayo hutumika kama kinga, ikahesabiwa ile ya katikati peke yake, jinsi mpishi apakuavyo wali wa kati na kuuacha ukoko umeshika sufuria.

"Na shimo hilo linatoa nini?" aliuliza Mama.

"Halitoi kitu. Ulikwisha kutoa dhahabu mgodi ule."

"Basi wanalipwa na nani?"

"Na serikali zao, Mama."

Mama alitikisa kichwa. Watu wa pwani hii wameona wengi wakichimba na kutoboa: rubi za Montepuez, na gesi iliyogunduliwa chini ya bahari ya Palma mwaka 2010, ambayo ndiyo iliyompeleka mwanawe kutafuta kibarua. Kila mara kilichotoka chini kilikuwa na bei na mwenyewe. Shimo ambalo watu hushuka ili wasubiri ni jambo geni.

"Miaka mingapi sasa?"

"Tangu ule mwaka 1987? Ni 38."

"Na hawajaona."

"Hawajaona. Mwezi wa Agosti mwaka jana walitangaza hesabu za siku 280 za mtego ule mkubwa. Hakuna kitu."

"Na jamaa zao hawajawaambia wakae matanga?"

Mwalimu alicheka, kisha akaona kwamba mama yake hakuwa akicheka.

Ikambidi aeleze lile ambalo watoto wa kambini hawakupata kuuliza, nalo ndilo kiini cha mambo yote. Watu wale hawarudi juu mikono mitupu kwa maana ya kutorudi na neno. Hutangaza hivi: chembe hii ingekuwa na uzito wa kiasi fulani, na ingegusa zenoni mara nyingi kupita kiasi fulani, tungekwisha kuiona, hatukuiona, kwa hiyo kama ipo, haipo katika upande huo, itafuteni kwingine. Kila tangazo la "hatukuona" hufunga pori moja. Mitego ya sasa inaweza kuona miguso iliyo nadra kuliko ile ya 1987 mara mamilioni, na sehemu kubwa ya pori ambalo wataalamu waliamini mawindo yamelala imekwisha kupitwa. Kuna waliokata tamaa. Kuna wanaosema yamkini chembe ni nyepesi kuliko tulivyodhani, na wanatengeneza mitego ya namna nyingine.

Zimekuwako pia habari za uongo, au tuseme za kukosea, maana hakuna aliyekusudia kudanganya. Mwaka 2020, mtego wa XENON1T wa Gran Sasso ulihesabu mimweko zaidi ya ilivyotazamiwa. Dunia ya fizikia ilitetemeka. Makala yakaandikwa kwa wingi, kila mmoja na maelezo yake. Wenye mtego wenyewe walisema kwa uangalifu kwamba huenda ni uchafu mdogo tu. Wakajenga mwingine mkubwa na safi zaidi, na mwezi wa Julai, 2022, wakatangaza kwamba mimweko ile ya ziada haipo.

Hapo Mwalimu alinyamaza kidogo, kwa kuwa ukurasa mmoja wa daftari ulimjia. Mfanyabiashara wa samaki alileta habari kwamba kijana mwenye kovu la paji la uso, mrefu, mcheshi, anabeba mizigo sokoni Mtwara. Mama alichinja kuku siku hiyo, akafua shati lililobaki. Mwalimu alivuka mto, akafika sokoni, akamkuta kijana mwenye kovu, mrefu, mcheshi: mtoto wa watu wa Mocímboa da Praia, naye akitafutwa na kwao. Kwenye daftari imeandikwa, "Mtu mwingine," na chini yake jina la kijana huyo na kijiji chake, ili wazazi wake wapelekewe habari. Walipelekewa.

"Wako wanaosema wameona na hawakubali kukosolewa?" Mama aliuliza.

Wako. Katika Gran Sasso hiyohiyo kuna kundi liitwalo DAMA ambalo tangu miaka ya 1990 linasema limeona dalili katika fuwele za chumvi ya iodini. Hoja yao ni ya upepo, na mtu wa pwani huielewa kabla haijakwisha kuelezwa. Jua letu huizunguka galaksi kwa mwendo wa kilomita zipatazo 220 kwa sekunde, likipita katika maada ya giza kama chombo kipitavyo katika hewa tulivu. Abiria huona upepo usoni, ingawa hewa imesimama. Dunia nayo hulizunguka jua kwa kilomita 30 kwa sekunde. Mwezi wa Juni miendo hiyo miwili hujumlishana, upepo ukazidi, Desemba hupungua. Kundi la DAMA huona miguso ikiongezeka karibu na Juni na kupungua karibu na Desemba, mwaka hata mwaka.

Ila mwezi wa Juni kule Italia ni wakati wa joto, na Desemba ni baridi. Nani ajuaye kama si majira tu, maji ya mlimani au joto la hewa, ndiyo yanayochezea chombo? Wenzao wa Hispania na Korea walitumia fuwele za namna ileile, hawakuona dalili hiyo. Hivyo ikafikiriwa kujenga mtego upande wetu wa dunia, ambako Juni ni kipupwe. Mwaka 2022 ilifunguliwa maabara huko Stawell, Australia, kilomita moja chini, katika mgodi wa dhahabu ambao bado unafanya kazi, kwa ajili ya mtego uitwao SABRE. Kama ni upepo wa mbinguni, utazidi mwezi wa Juni huko pia, maana dunia yote ni chombo kimoja. Kama ni majira, yatageuka.

"Hiyo ni akili," Mama alisema. Aliipenda kuliko zote. Kusi na kaskazi haziwezi kudai mwezi mmoja.

Mwalimu angaliweza kuishia hapo, lakini alikuwa mtu wa haki, na wanafunzi wake wanamjua kwa hilo. Akamwambia kwamba wako wataalamu wachache wanaodai hakuna kitu gizani. Mwaka 1983, Mordehai Milgrom wa Israeli alitoa hoja kwamba huenda kanuni ya mvutano tuliyoizoea ndiyo yenye kasoro. Tukiirekebisha kwa mivuto hafifu sana, nyota za pembeni zitakimbia kama zinavyokimbia bila kamba nyingine. Walio wengi hawaikubali, kwa kuwa inashindwa kueleza mambo kadhaa ya mikusanyiko ya galaksi na ya nuru kongwe ya ulimwengu. Lakini haijafutwa. Inawezekana, alisema polepole, kwamba mtu anavutwa, na kinachomvuta hakipo.

Mama alikaa kimya muda mrefu. Mbwa alibweka upande wa barabara, akanyamaza. Ndani ya nyumba mkaza mwana alikuwa akiosha vikombe vya wazazi wake, na sauti ya maji ilisikika kila alipokisuuza kimoja. Miaka minne alikaa na mama mkwe wake: Nangade, Mueda, tena hapa. Alitwanga, akachota maji, akaezeka paa pamoja na wanaume. Hakupata kulalamika mbele ya watu. Ana miaka 24.

"Wale watu wa shimoni," Mama alisema mwishowe, "wakingoja, wanamfunga nani?"

"Hawamfungi mtu, Mama."

"Mimi namfunga huyu."

Mwalimu hakusema kitu.

"Kesho uende Nangade kwa wakwe. Uwaambie shehe avunje ndoa. Mahari hatuyadai, na vyombo vyake ni vyake. Akipata mume, mimi ndiye nitakayempamba." Akaunyosha mkeka kwa kiganja, mahali ambapo haukuwa umekunjamana. "Lakini matanga sikai. Hakuna aliyeniambia ameona."

"Watauliza, Mama, mambo hayo mawili yanapatanaje."

"Waulize."

Mkaza mwana alikuwa amesimama mlangoni, kitambaa mkononi. Haikujulikana alikuwa hapo tangu lini. Alikuja akaketi kwenye ukingo wa mkeka, wala hakuna aliyemwambia neno, na Mama akamsogezea upande wa khanga kwa ajili ya baridi. Mwezi uleule wa Juni, huko Chile, darubini mpya iliyopewa jina la Vera Rubin ilikuwa ikitoa picha zake za kwanza za anga la kusini, anga hilihili lililokuwa juu ya miembe ya Pundanhar. Mwalimu alikuwa ameisikia habari hiyo redioni na kuiweka akiba kwa watoto, lakini usiku huo hakuitoa.

Alifungua daftari, akawasha tochi ya simu. Aliandika tarehe. Aliuliza aandike nini.

"Andika wakwe walikuja," Mama alisema. "Andika na nilivyowajibu."

Akaandika.

"Quionga ulikwenda?"

"Mwaka juzi. Niliuliza msikitini na kwa mkuu wa kijiji."

"Wavuvi hukuwauliza. Wale wanaolala visiwani mpaka bamvua."

Mwalimu alirudi nyuma kurasa kadhaa, akaangalia. Ilikuwa kweli, wavuvi hakuwauliza. Akaandika chini kabisa ya ukurasa, "Quionga, wavuvi," akapiga mstari wa safu ya tarehe na mstari wa safu ya jibu, akaziacha zote mbili tupu.